Jina moja, faili nne: muuguzi, mhandisi, fundi sanifu na mwalimu. Nizitenganishe vipi?

karani_wa_orodha:

Wakuu, habari za kazi. Naomba msaada wa watu wa masjala na wale wanaozijua taratibu za mabodi ya taaluma.

Ofisi inatunza orodha ya wataalamu wanaoitwa kwa mikataba mifupi kwenye miradi ya vituo vya afya Tanzania Bara. Rekodi ni kama 1,400. Orodha tatu za zamani ziliunganishwa kuwa jedwali moja la Excel kwa kufuata jina tu, na wenye majina yanayofanana wakaangukia mstari mmoja. Matokeo yake kuna "mtu" ambaye ni muuguzi mkunga, mhandisi wa ujenzi, fundi sanifu wa vifaa tiba na mwalimu wa shule ya msingi kwa wakati mmoja. Nimerudi kwenye makabrasha nikapata hivi (jina nimelibadilisha):

Faili A: Asha Juma Ally. Kidato cha nne 2004. Stashahada ya uuguzi na ukunga, chuoni 2006 hadi 2009.

Faili B: Asha J. Ally. Kidato cha nne 2004, kidato cha sita 2007, shahada ya uhandisi ujenzi 2011. Wasifu unasema "mhandisi mtaalamu, amesajiliwa 2012".

Faili C: Asha Juma Ali. Kidato cha nne 2004, namba ya mtihani ni ileile ya faili A. Stashahada ya ufundi sanifu wa vifaa tiba, 2011 hadi 2014.

Faili D: Asha Ally. Mwalimu Daraja A. Hakuna mwaka wala namba ya mtihani. Simu ni ya faili A.

Kwenye jedwali, namba ya NIDA (kitambulisho cha taifa) ya A na C inafanana. B ina namba tofauti, D haina kabisa. Je, A na C niwahesabu mtu mmoja niendelee? Na D nimweke wapi?

masjala_kuu:

Ndugu karani, kabla ya lolote, tunza nakala ya jedwali kama lilivyo leo na uandike tarehe kwenye jina la faili. Halafu rudisha kila kabrasha mstari wake, A, B, C na D, mistari minne. Faili mbili za mtu mmoja zikikaa mbali kwa muda, hasara yake ni ndogo, unazikutanisha kesho. Watu wawili wakishachanganywa kwenye faili moja, kuwachambua ni kazi ya wiki nzima, maana hujui tena cheti kipi kilikuja na nani.

Jina lenyewe lichukulie kama njia ya kutafutia. Lisikupe uamuzi. Majina yetu matatu ni la mtu, la baba na la babu, na akina Juma, Ally, Salum na Joseph ni wengi kila wilaya. Mifumo mingi inataka "jina la ukoo" na inachukua la mwisho, kwa hiyo jina la babu linageuka ukoo, jina la baba linafupishwa kuwa herufi moja au linadondoka. Ndivyo Asha Juma Ally anavyopata ndugu wa karatasi anayeitwa Asha J. Ally.

Tahajia nayo ina mtego pande zote mbili. Ally, Ali na Aly mara nyingi ni jina moja lililoandikwa na makarani watatu. Hassan na Hasan vilevile. Lakini Salim na Salum usiyaunganishe kwa mazoea, kwa watu wengi hayo ni majina mawili. Yusuph na Yusufu sawa, ila programu inayodhani Yusufu na Joseph ni jina moja itakuozesha msikiti na kanisa.

Namba ya simu ya D iweke kando. Mistari ilipounganishwa, huenda seli tupu ya D ilijazwa simu ya A. Angalia karatasi ya D yenyewe: kama simu haimo kwa mkono wa mwombaji, ifute. Na hata ikiwemo, laini hupewa mtu mwingine ikiachwa muda mrefu bila kutumika, na wanandugu hutumia simu moja kuombea kazi. Simu ni ya kumpigia mtu umuulize. Haimthibitishi.

sista_wa_wodi:

Naongezea upande wa uuguzi, maana hapo ndipo majina hubadilika sana.

Usitafute kwa jina kwenye rejista ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Tumia namba iliyo kwenye cheti cha usajili na kwenye leseni, kisha linganisha jina linalotoka. Elewa pia kwamba cheti cha usajili na leseni ni vitu viwili. Cheti kinasema mtu aliingizwa kwenye rejista, leseni inasema anaruhusiwa kufanya kazi sasa hivi, na ina mwisho wake. Mtu anaweza kuwa muuguzi halali kwa cheti huku leseni yake imekwisha. Ukiona leseni imekwisha usihitimishe kwamba huyo siye.

Muuguzi aliyeanza ngazi ya cheti aliandikishwa. Akijiendeleza hadi stashahada au shahada anasajiliwa. Kwa hiyo mtu mmoja anaweza kukuletea karatasi mbili za Baraza, zenye miaka tofauti, na karani asiyejua akadhani ni wauguzi wawili wa jina moja. Muda wa masomo nao unasaidia: cheti miaka miwili, stashahada mitatu, shahada minne na juu yake mwaka mmoja wa mazoezi ya kazi hospitalini. Kwa faili A, 2006 hadi 2009 ni mitatu kamili, inakubali.

Sasa weka A na B pamoja kwenye kalenda. Wote wamemaliza kidato cha nne 2004, na ukiangalia hapo tu utasema ni mmoja. Lakini B alikuwa kidato cha tano na cha sita kuanzia 2005, na mtihani wa kidato cha sita miaka ile ulifanywa Februari, kwa hiyo Februari 2007 yuko kwenye chumba cha mtihani. Februari 2007 A yuko mwaka wa kwanza wa uuguzi. Hakuna njia. A na B ni watu wawili, hata kabla hujafungua NIDA.

Na neno "Sista" likiwa kwenye barua ya utambulisho, lisikusaidie kuamua taaluma. Kwenye hospitali za kanisa Sista anaweza kuwa mtawa asiye muuguzi, au mtawa ambaye ni muuguzi na ana majina mawili: la utawa linalojulikana wodini na la kuzaliwa lililoko kwenye vyeti. Kwingine Sista ni muuguzi yeyote wa kike. Walioolewa nao wengine husaini kwa jina la mume kazini ilhali cheti kina jina la babu.

mhandisi_wa_maji:

Faili B ina jambo la kuangaliwa. Shahada 2011 na "mhandisi mtaalamu" 2012 haviendani. Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, inamsajili mtu kwanza kama mhandisi mhitimu, halafu kuna mafunzo ya kazini chini ya msimamizi ambayo mpango wake ni wa miaka mitatu, ndipo anaomba kuwa mhandisi mtaalamu. Aliyehitimu 2011 hawezi kufika huko mwaka unaofuata. Kuna mambo mawili tu: ama 2012 ni mwaka wa usajili wa mhandisi mhitimu na mwandika wasifu hakutofautisha, ama cheti cha mtu mwingine wa jina hilo kimeingia kwenye kabrasha. Fungua cheti chenyewe usome aina ya usajili na fani. Fani ikiwa ni umeme au mitambo ilhali shahada ni ujenzi, basi una Asha wa tano.

Neno "injinia" nalo linachanganya watu. Kwenye orodha kama hizi nimeona likibeba watu wa aina nne:

Mhandisi, ambaye yuko ERB. Kujiita mhandisi bila usajili ni kosa kisheria.

Fundi sanifu, mwenye stashahada ya miaka mitatu kutoka chuo kama DIT (Taasisi ya Teknolojia Dar es Salaam) au Chuo cha Ufundi Arusha. Faili C ni huyu. Ana ngazi yake ya usajili, na hapaswi kuandikwa mhandisi.

Mkadiriaji majenzi na msanifu majengo. Hawa wana bodi yao nyingine kabisa, ukiwatafuta ERB hutawapata na utadhani wamedanganya.

Mkandarasi. Bodi ya makandarasi inasajili kampuni. Cheti kina jina la kampuni, na kampuni ikiitwa kwa jina la mwenyewe, watu husoma kama cheti cha mtu.

Ukipata maombi kutoka Kenya, daftari ni la Bodi ya Wahandisi Kenya chini ya sheria ya mwaka 2011, na wauguzi wako Baraza la Wauguzi la Kenya. Usilinganishe namba ya huko na ya huku, mifuatano ni tofauti na namba mbili zinaweza kugongana bila kuhusiana.

Kuhusu C: usishangae muuguzi kuhamia vifaa tiba. Anayezijua mashine za wodi, pampu za dripu, mashine za oksijeni, vitakasio vya mvuke, akisoma ufundi wake anakuwa mtu wa thamani sana. Taaluma mbili peke yake si dalili ya watu wawili.

jedwali_safi:

Karani, ngoja kwanza kwenye hiyo "NIDA ya A na C inafanana". Bofya seli yenyewe usome kwenye kisanduku cha juu cha fomula, kisha utuambie tarakimu tano za mwisho ni zipi.

karani_wa_orodha:

Zote mbili zinaishia 00000. Kwenye seli inaonekana 1.98803E+19. Na B nayo, naona sasa hivi, inaishia 00000.

jedwali_safi:

Basi huna namba ya NIDA ya mtu yeyote kwenye jedwali hilo. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zinazobaki inazigeuza sifuri. Namba ya NIDA ina tarakimu 20: nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa, mwaka, mwezi, siku, kisha zinafuata tano za eneo. Ukikatiwa tano za mwisho umebaki na tarehe, eneo na kipande kidogo tu cha mfuatano. Watu wawili waliozaliwa siku moja na kuandikishwa sehemu moja wanaweza kuonekana mtu mmoja. Na wasiojua siku yao ya kuzaliwa mara nyingi huandikwa 1 Januari, kwa hiyo siku hiyo ina umati.

Kubadilisha seli kuwa maandishi sasa hakurudishi kitu, sifuri zimeshakaa. Fanya hivi:

1. Fungua safu mpya, iwekee muundo wa Maandishi kabla ya kuandika chochote. Andika namba kutoka kwenye nakala ya kitambulisho, pamoja na vistari vyake. Vistari vyenyewe vinazuia Excel isiigeuze namba.

2. Kama unaleta faili ya CSV, usiifungue kwa kubofya mara mbili. Tumia njia ya kuingiza data, na kwenye hatua ya kuchagua aina ya safu, chagua Maandishi kwa NIDA, simu na namba ya mtihani. Ukiruka hapo, simu nazo zinapoteza sifuri ya mbele.

3. Hesabu urefu, tuseme safu hiyo mpya ni F: =LEN(F2). Bila vistari iwe 20, na vistari vitatu iwe 23. Isiyotimia ipake rangi, irudiwe.

4. Kutafuta zinazojirudia, usitumie COUNTIF tupu. Hata safu ikiwa ya maandishi, COUNTIF ikikuta tarakimu tupu inazisoma kama namba na inalinganisha 15 za mwanzo, yaani kosa lilelile linarudi kwa mlango wa nyuma. Tumia =SUMPRODUCT(--($F$2:$F$1500=F2)). Jibu likizidi 1, fungua makabrasha.

5. Majina, tuseme yako safu B: =UPPER(TRIM(B2)) kwenye safu ya pembeni, uitumie kupanga tu. Safu ya jina kama lilivyo kwenye cheti usiiguse.

Namba ya mtihani ya NECTA, yaani Baraza la Mitihani, iko salama kwa sababu inaanza na herufi na ina mikwaju.

masjala_kuu:

Hapo kwenye namba ya mtihani na mimi nina neno. S mbele ni mtahiniwa wa shule, P ni wa kujitegemea. Aliyerisiti, yaani aliyerudia mtihani, ana namba mbili za miaka miwili, zote zake, kwa hiyo namba tofauti si lazima watu tofauti.

Na kinyume chake ndicho kizito zaidi kwa A na C: namba moja ya mtihani si lazima mtu mmoja. Uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma uliotangazwa Dodoma Aprili 2017 watu wanaukumbuka kwa wale 9,932 wa vyeti vya kughushi. Lakini kulikuwa na kundi jingine: vyeti 1,538 vilivyokuwa vikitumiwa na watumishi 3,076. Cheti kimoja, watu wawili, mwenye nacho na aliyekiazima. Sasa angalia meza yako: A na C wana cheti kimoja cha kidato cha nne, taaluma mbili, na jina la babu limeandikwa tofauti. Inaweza kuwa muuguzi aliyerudi shule kama mhandisi alivyosema. Inaweza kuwa jambo lingine. Usiandike hata moja kati ya hayo kwenye faili mpaka upate kitambulisho cha pili kisichotegemea cheti hicho.

Chukua NIDA kamili ya kila mmoja kutoka kwenye nakala. Zikigongana zote 20, linganisha picha na saini. Kama A aliwahi kuwa mtumishi wa umma, cheki namba yake, ile namba ya mtumishi kwenye malipo ya mishahara ya serikali, ingekuwa kwenye barua ya ruhusa ya masomo ya 2011, na barua hiyo ingepaswa kuwemo kwenye kabrasha C. Hiyo ndiyo karatasi ninayoipenda kuliko zote, kwa sababu inaziunganisha taaluma mbili na iliandikwa na mtu wa tatu.

karani_wa_orodha:

Nimefungua makabrasha. NIDA ya A na C ni moja, nimeisoma tarakimu kwa tarakimu, 20 zote. Barua ya ruhusa ya masomo ya Septemba 2011 imo kwenye C, inamtaja kuwa muuguzi na cheki namba inalingana na ya barua ya ajira iliyoko A. Picha ni za mtu mmoja kwa macho yangu. B ni mwingine kabisa, NIDA yake inatofautiana tangu mwaka wa kuzaliwa, na cheti chake cha ERB kinasema mhandisi mhitimu, ujenzi, 2012. D karatasi yake haina simu hata kidogo.

Lililobaki: kwa A na C, stashahada ya 2009 ina "Ally", ya 2014 ina "Ali". Je, nimwambie alete hati ya kubadili jina?

wakili_mtaa_wa_pili:

Hapana, hajabadili jina. Hati ya kubadili jina, ile wanayoiita dipoli, ni ya mtu anayeacha jina moja na kuchukua jingine. Inaandaliwa na wakili, inasainiwa mbele ya shahidi, inasajiliwa kwa Msajili wa Hati. Kenya husajiliwa na kisha hutangazwa kwenye Gazeti la Serikali. Kwa herufi mbili za tahajia, hati ya kiapo inatosha kwa orodha kama yako: anaapa mbele ya kamishna wa viapo kwamba Asha Juma Ally na Asha Juma Ali ni mtu mmoja, na majina yote mawili yaandikwe herufi kwa herufi kama yalivyo kwenye kila cheti, pamoja na namba ya kila cheti. Viapo vingi vinakataliwa kwa sababu vinasema tu "majina yote ni yangu" bila kuvitaja vyeti.

Mkumbushe hata hivyo: akitaka kuomba ajira serikalini au kwenda chuo kingine, aulize huko wanataka kipi, maana baadhi ya taasisi hazipokei kiapo.

Na kwa faida ya ofisi yako, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika 1 Mei 2023. Kama ule mstari uliochanganywa ulishatumwa kwa mteja yeyote, B ametambulishwa kwa wasifu wenye vyeti vya mtu mwingine na taarifa za A zimefika mahali asipopajua. Angalia barua pepe zilizotoka tangu siku ya kuunganisha, wajulishe wote wawili, na mteja apelekewe nakala sahihi na kuombwa aifute ya awali.

masjala_kuu:

Basi andika hivi. Mpe kila mtu namba ya orodha isiyo na maana yoyote ndani yake, 0412 na kadhalika. Usiweke taaluma kwenye namba, kwa sababu muuguzi wako wa leo ni fundi sanifu wa kesho na utalazimika kubadilisha namba.

A na C wawe rekodi moja, taaluma mistari miwili chini yake, kila mmoja na cheti chake, bodi au baraza lake na mwisho wa leseni. Jina kuu liwe la NIDA, tahajia nyingine iingie safu ya "majina mengine". B rekodi yake, uandike "mhandisi mhitimu", na aulizwe kama alishapanda daraja tangu 2012, maana muda umepita na huenda wasifu umechelewa kuliko yeye. Kwenye rekodi zote mbili weka alama "usichanganye na" na namba ya mwenzake, ili karani atakayekuja baada yako asirudie kuunganisha.

D abaki peke yake, "haijathibitishwa", asitumwe kwa mteja. Kabrasha lake lina anwani?

karani_wa_orodha:

Lina sanduku la posta la shule ya msingi, na mhuri wa mwalimu mkuu.

masjala_kuu:

Mwandikie kupitia kwa mwalimu mkuu. Omba nakala ya cheti cha kidato cha nne, cheti cha Daraja A na kitambulisho cha NIDA. Kwenye barua usitaje kwamba kuna Asha wengine, wala usimtajie tarehe ya kuzaliwa uliyonayo ili aithibitishe. Aiandike mwenyewe.